Tulijua Majibu, Hatukujua Kazi

Mara nyingi mumetuuliza: «Nyinyi watano, kila mangaribi munabaki katika chumba cha kompyuta kufanya nini?» Leo tutajibu, na hatutaficha aibu yetu.

Tunajitayarisha kwa mtihani wa CCNA, wa kampani Cisco ya Marekani. Watu wengi huanza na huo katika kazi ya kuunganisha kompyuta. Ni dakika 120, na maulizo iko kwa Kiingereza. Kwa Kifaransa, lugha ya masomo yetu, hautolewi. Bei ni dola 300. Kwa wazazi walimaji wa Rumangabo, hiyo ni pesa ya mavuno, si pesa ya mfukoni. Tulichanga miezi mingi, tukapata ya mtu mmoja tu. Njo maana tulikubaliana: mmoja atatangulia, na akipata kazi Goma atasaidia wengine.

Nani aende? Hapo njo tulipotea njia. Tulijiona tumechelewa, sababu mwaka 2022 vita ilifika Rumangabo, tukakimbia, masomo ikasimama. Basi, mtu mmoja alipotuletea flashi yenye maulizo ya mtihani yaliyoibiwa, pamoja na majibu yake, tulifurahi sana. Tuliacha vitabu. Tuliacha hata Packet Tracer, ile programu ya bure yenye kukuwezesha kujenga mtandao mzima ndani ya kompyuta moja bila kununua vyombo. Tukashika majibu kwa kichwa, sawa watoto wanaoimba alfabeti. Mkubwa wetu alishika zaidi ya 200. Tukasema: huyu ataenda.

Mdogo wetu, msichana, hakushika kitu. Kisha masomo anaenda shambani na mama yake, na nyumbani hana mashini. Yeye alihesabu tu kwenye daftari, na sisi tulimcheka.

Siku moja mwalimu alituomba tuunganishe kompyuta mbili za shule. Namba tulichagua sisi wenyewe: 192.168.10.60 na 192.168.10.70. Maski tuliinakili toka ile karatasi ya majibu: 255.255.255.192. Mashini zikakataa kuongea. Tulibadilisha waya mara mbili. Tulizima, tukawasha. Mkubwa wetu alitafuta katika majibu yake 200. Hakuna hata moja lililofanana na shida yetu. Saa mbili zikapita.

Msichana akasema: «Bayaya, waya iko muzima. Hizi mashini haziko mtaa moja.»

Tulibisha. 60 na 70 si majirani? Akaomba maharagi jikoni, akatuhesabisha mafungu ine, kila fungu punje 64. Akaeleza hivi. Namba ya mwisho iko na biti 8, maana yake nafasi 256, toka 0 mpaka 255. Ile 192 ya maski inachukua biti 2 kwa kugawanya: mafungu 4. Zinabaki biti 6: nafasi 64 katika kila fungu. La kwanza ni 0 mpaka 63, la pili 64 mpaka 127, la tatu 128 mpaka 191, la ine 192 mpaka 255. Katika kila fungu unaondoa punje ya kwanza, ambayo ni jina la mtaa, na ya mwisho, ambayo ni ya kuita wote pamoja. Zinabaki 62 za kupa mashini.

Kumbe 60 iko fungu la kwanza, na 70 iko la pili. Mpaka unapita katikati yao. Bila ruta ya kuvusha habari haziwezi kuongea, hata zikikaa juu ya meza moja. Tulibadilisha 70 kuwa 50. Mara moja zikaitikiana.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Tuliwaza: hospitali ikituita usiku sababu mashini zao zimenyamaza, nani atatuletea ulizo lenye majibu ine ya kuchagua? Tena Cisco inaweza kufuta cheti cha mtu aliyetumia maulizo ya wizi. Lakini lililotuuma zaidi ni pesa ya wazazi. Mkubwa wetu mwenyewe njo alivunja kimya: «Wamama hawakuuza maharagi ili mimi nikaimbe majibu. Nisiende.»

Tulifuta ile flashi. Hatutasema uongo: wawili kati yetu walikataa kwanza, na tulibishana mpaka giza.

Sasa, kila siku ya tatu mmoja wetu anaharibu mtandao kwa siri ndani ya Packet Tracer, na wengine wanatafuta kosa. Anayeliona mara nyingi, njo ataenda kufanya mtihani. Mpaka leo msichana anatangulia. Mkubwa wetu anamfuata, naye amenunua daftari.

Yale maharagi tumeyatia katika kopo, iko dirishani. Mwenye kutaka kujifunza akuje mangaribi. Hatutamupa majibu, lakini tutahesabu pamoja.

Sisi watano wa chumba cha kompyuta