Dakika Nne

Kwetu ni Somanga, wilaya ya Kilwa. Ukiwa kwenye basi la Lindi unaweza ukapita umelala na wala usijue, lakini chini ya ardhi ile linapita bomba la gesi. Gesi yenyewe iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikakaa huko chini miaka 30, na mwaka 2004 ndipo ikaanza safari ya Dar es Salaam. Kilometa 25 inapita chini ya bahari, inatokea kwetu, halafu kilometa 207 za nchi kavu mpaka Ubungo. Marehemu babu alikuwa na minazi yake karibu na mkuza wa bomba. Kila ulipoitishwa mkutano wa kufundishwa usalama alinichukua nikamwandikie, maana yeye kalamu ilikuwa imempita, ila alitaka kila neno liwekwe.

Siku moja akasimama akauliza: "Mwanangu, gesi inapita kwetu inakwenda kuwasha taa za mjini. Sisi tunapikia kuni. Sasa hatari yake inatuhusu nini?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana mtaalamu hakucheka. Alisema gesi ya Songo Songo ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda juu. Ila ile ya mtungi wa dukani, inayoletwa na meli kutoka nje, hiyo ni nzito. Inashuka, inatambaa sakafuni kama maji, inatafuta upenyo chini ya mlango. Kwa asili zote mbili hazinuki. Ule uvundo unaousikia umetiwa makusudi ili ushtuke. Na ukishausikia, alisema, usiwashe kitu, na kilichowaka usikizime. Cheche ndogo ya ndani ya swichi inatosha. Nikaandika yote, huku nafikiria mambo yangu.

Mambo yangu yalikuwa riwaya. Mimi niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu sina haja ya kuyataja hapa. Mdogo wangu ndiye aliyeendelea, akapata chuo Lindi mjini. Jina la chuo tuliache. Nikamfuata. Nilimwambia natafuta kazi bandarini, lakini kweli yenyewe nilitaka umeme wa usiku na meza ya kuandikia. Waliopita hosteli wanajua kubebana ni kitu gani. Chumba kina vitanda viwili na wanafunzi wawili halali, halafu kuna mtu wa tatu chini, kwenye godoro, ambaye patroni akipita anageuka kuwa mgeni aliyekuja kusalimia. Huyo mtu wa tatu nilikuwa mimi, kaka mkubwa, nalala miguuni pa mdogo wangu. Mchana unacheka. Usiku haichekeshi.

Chini ya kitanda cha mwenzake palikuwa na siri nyingine, mtungi wa kilo 6 wenye jiko lake juu. Kupika chumbani kulikatazwa, lakini mshikaji alikuwa na mahesabu yake ya fedha na simlaumu, maana na ugali wake nilikuwa nakula. Usiku ule mwenyewe alikuwa amekwenda kwao msibani.

Yapata saa nane niliamka na uvundo. Kwanza nikadhani ni ngisi tuliyemsahau kwenye sufuria. Nikavuta pumzi tena, kichwa kikawa kizito. Mdogo wangu juu kitandani hakusikia lolote bado. Ndipo nilipomwona yule kijana wa mkutano, na vumbi la kile kiwanja, na babu kasimama. Inashuka. Mimi nimelala chini, na mtungi uko kama hatua mbili kutoka kichwani kwangu.

"Braza, mbona unahema hivyo? Ngoja niwashe taa."

"Usiguse!"

Nilimshika mkono. Feni ilikuwa inazunguka, nikamwambia iache. Simu yake ilikuwa kwenye chaji, nikamwambia asiichomoe, na mwanga wa simu asiufikirie. Gizani nikapapasa shingo ya mtungi, nikafunga valvu mpaka mwisho. Bado nikasikia sss, sauti ndogo kama ya mtu anayekunyamazisha. Sijui raba ililika au nini. Nikafungua dirisha, yeye akafungua mlango, nikaubeba mtungi wima mpaka uwanjani, mbali na mtaro, maana gesi nzito ikiingia mtaroni inasafiri nao. Mtaalamu akiwepo labda angesema niuache nitoke tu. Sikuwa na mtaalamu.

Hapa sasa ndipo ninapoandika pole pole.

Tulikaa chini ya mwembe tukitetemeka. Hosteli ile ni ya chini, vyumba vimepangana barazani, milango imepishana na sakafu kiasi cha kupitisha panya. Gesi ilikuwa imekwishavuja sijui saa ngapi. Mdogo wangu akanong'ona: "Braza, tukiamsha watu patroni atakuja. Atakuta mtungi, atakukuta na wewe. Nitafukuzwa hosteli. Ngoja hewa ipite, tutarudi kimya kimya."

Nikamwambia sawa.

Nataka lieleweke hilo. Mimi niliyeandika yale maneno yote ya mkutano kwa mkono wangu, nilisema sawa. Nikakaa nikitazama milango ya watu waliolala. Tungekaa mpaka asubuhi kama chumba cha pili kitanda kisingelia. Mtu anaamka, na mtu anayeamka usiku mkono wake unakwenda kwenye swichi.

Nilikimbia barazani nikigonga madirisha kwa kandambili. "Msiwashe taa! Gesi! Tokeni nje, msiwashe kitu!" Yule wa chumba cha pili akatoka na shuka, ananitukana. Mlinzi akaja mbio na tochi mkononi, nikampigia kelele aishie palepale na asiibonye, akapige 114 kutoka getini. Bahati alikuwa mtu mzima, hakubisha. Watu wote walitoka, wakasimama upande upepo unakotokea. Hakuna kilicholipuka.

Zimamoto walipomaliza kazi yao wakaruhusu watu kurudi. Patroni akaniuliza: "Wewe uko mwaka wa ngapi?" Nikanyamaza. Mdogo wangu akajibu: "Huyu ni kaka yangu." Jumatatu yake alifungasha, akaenda kupanga geto Mtuleni, kwa pesa ambayo mama alikopa. Mimi nikapanda basi la Somanga.

Kwenye riwaya yangu, sura ya saba, nilikuwa na nyumba inayolipuka. Shujaa anawasha sigara, paa linaruka angani, yeye anatoka na mchubuko mmoja shavuni. Niliipenda mno sura ile. Nimeichana. Mahali pake nimeweka ndugu wawili chini ya mwembe, na mpaka sasa imeandikwa mara tano haijakaa.

Idi iliyopita mdogo wangu alikuja nyumbani, nikampa daftari. Alisoma mpaka pale nilipoandika kwamba tulikaa dakika nne. Akachukua kalamu, akakata, akaandika mbili. Akanirudishia bila neno, akaenda kumsaidia mama kukuna nazi.

Nimerudisha nne.