Sauti Moja Katika Nyumba Tatu

Kaseti ni kitu kidogo kipatacho nafasi mfukoni, walakini hakigawanyiki. Shamba hugawanywa kwa kamba, ng'ombe kwa hesabu, na nguo za marehemu kwa wale ziwafaao. Lakini utepe ukikatwa vipande vitatu haumpi mrithi yeyote wimbo.

Katika kaya moja ya Songwa, wilayani Kishapu, si mbali na machimbo ya almasi ya Mwadui, mama wa watoto watatu alifariki akaacha kaseti moja tu yenye sauti yake. Ilirekodiwa siku ya kulima, alipokuwa akiongoza wimbo na walimaji wakimwitikia. Nyuma ya wimbo husikika majembe. Na mwishoni mama akohoa, acheka, kisha amwita mumewe aje anywe togwa.

Mtoto wa kwanza aliichukua kaseti kwa haki ya ukubwa. Binti, aliyemwuguza mama, aliona kwamba haki ya uuguzi ni kubwa zaidi. Kitinda mimba, mwalimu wa sekondari, hakudai kitu. Si choyo kilichowagombanisha. Redio kaseti ilikwisha kuutafuna utepe ule mara moja, na mkubwa akaurudisha kwa kuzungusha kalamu, jasho likimtoka. Tangu siku hiyo aliufungia sandukuni. Kutunza kukawa adui wa kusikia. Ndugu wawili walinuniana miezi minane, na mzee, aliyestaafu machimboni, alikaa katikati yao bila ya kuisikia sauti iliyogombaniwa mbele yake.

Mwalimu aliomba alasiri moja. Mkubwa alikubali kwa sharti la kukaa palepale, ufunguo mkononi. Wimbo ulichezwa mara moja tu, na kompyuta ikaipima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, kipimo kile kile cha sahani za CD, na kila kipimo kikaandikwa kwa tarakimu.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini nakala hazikugawanywa katika simu za watu, na mambo yakaisha. Ziligawanywa, na ugomvi ukapungua nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya mzee. Simu ina kinywa chembamba, na kila mtu huisikiliza peke yake, kwa saa yake, chumbani mwake. Mzee yule ni mtu wa redio. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipoendeshwa kwa redio, watu wapatao milioni mbili nchini walijiunga na vikundi vya kusikiliza. Naye alikuwa miongoni mwao, chini ya mti, mbele ya redio moja.

"Mwanangu," alisema, "sitaki kumsikia mama yenu kwa siri. Aimbe, kaya yote isikie."

Basi mwalimu aliagiza vibao vitatu vya Raspberry Pi. Kompyuta hii ilianza kuuzwa Februari 2012. Iliundwa Cambridge, Uingereza, kwa nia ya kuwafundisha vijana kuandika programu, na viungo vyake vyote vimo katika kibao kimoja cha ukubwa wa kadi ya benki, ambacho bei yake ya kwanza ilikuwa dola 35. Waundaji walikuwa na nia moja, wanunuzi wakaja na nia mia. Mmojawapo wa ugunduzi wao ni kukiweka kibao nyuma ya spika, kiwe mlango ambao sauti itokayo mahali pengine hupitia. Tundu la sauti la vibao vya kwanza lilikuwa dhaifu, kwa hiyo watu hubandika juu yake kibao kingine, kazi yake kuzigeuza tarakimu kuwa umeme wa sauti. Mwalimu alifanya hivyo katika nyumba zote tatu, akatumia spika za redio kuukuu.

Jirani walimwonya kwamba bando litamfilisi. Onyo hili lilitoka katika lugha. Neno mtandao limetokana na kutanda, na chochote kilichotanda kati ya nyumba na nyumba ni mtandao, hata kama hakifiki ng'ambo ya ua. Lakini siku hizi neno limemezwa na intaneti. Sauti ya marehemu ilisafiri kwa mawimbi ya kisanduku kimoja cha ruta, kutoka nyumba ya mwalimu mpaka kwa ndugu zake, na haikutumia hata senti moja ya bando.

Jioni ya kwanza watu walikusanyika uani. Wimbo ulianza, ukawa matope: majembe yaligonga bila ya mpango, na waitikiaji walimtangulia kiongozi wao. Kisha mama akamwita mumewe, akamwita tena, akamwita mara ya tatu. Mzee alisimama, akaingia ndani.

Kosa lile redio ya kale haikulijua. Mawimbi ya redio hufika karibu wakati ule ule kila mahali, na redio ile haikuwa na ghala ya kuyaweka. Ipokeacho hukisema papo hapo. Kompyuta hukusanya akiba kwanza ndipo iseme, na kila moja hufuata saa yake. Fuwele za saa hizo, zikitofautiana sehemu 50 tu katika milioni, huachana milisekunde 3 kwa dakika na 180 kwa saa. Kusikiliza pamoja, ambako zamani kulipatikana bure, sasa hakuna budi kutengenezwa.

Mwalimu aliweka programu iitwayo Snapcast. Kompyuta igawayo sauti huandika juu ya kila kipande saa ya kusemwa kwake. Vibao huzilinganisha saa zao na yake, hungojea pamoja, kwa kawaida sekunde moja, na kiharakishacho au kichelewacho hujisahihisha kidogo kidogo. Taabu nyingine ilikuwa umeme. Ulikatika ghafula kibao kikiandika, na kadi ya kumbukumbu ikaharibika. Mwalimu alizifunga kadi zisomwe tu, zisiandikwe, na hilo likatosha.

Juma la tatu wimbo ulitoka nyumba zote kwa pamoja. Lakini sauti hewani hutembea mita 340 hivi kwa sekunde, na aliye karibu na nyumba moja huisikia hiyo kabla ya nyingine. Jambo hili hapana programu iwezayo kulisahihisha kwa watu wote mara moja. Mzee hakuelezwa. Alihamisha kigoda hatua chache, akasikiliza, akakihamisha tena, mpaka akapata mahali katikati ya nyumba tatu ambapo mkewe alimwita mara moja tu. Hapo ndipo kigoda kilipo hata leo. Kaseti ingali sandukuni kwa mkubwa, na binti bado hajasalimu amri.