Shahidi Mmoja

Kinga kiganja chako hewani, mchana au usiku. Karibu kila sekunde chembe moja hukipenya bila kupiga hodi. Chembe hizo huzaliwa juu angani na mionzi itokayo mbali, ambayo Victor Hess aliigundua mwaka 1912 alipopanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000. Mgeni alijulikana, kwao hakukujulikana.

Sababu ni kwamba mionzi hiyo ina chaji ya umeme, na nguvu za sumaku zilizo angani huipinda njiani. Nyutrino haina chaji, hivyo huja moja kwa moja. Tarehe 22 Septemba 2017, nyutrino moja yenye nguvu nyingi ilinaswa na IceCube, mtambo uliozikwa katika barafu ya Ncha ya Kusini. Darubini zilipotazama upande ilikotoka, zilikuta galaksi iitwayo TXS 0506+056 iking'aa kwa miale ya gama kuliko kawaida. Katikati yake mna shimo jeusi kubwa mno, linalorusha kuelekea kwetu mkondo wa chembe ziendazo karibu kwa kasi ya mwanga. Mwanga wake husafiri miaka bilioni 4 hivi kutufikia.

Miale ya gama peke yake haikutosha kuwa ushahidi, kwa kuwa hata elektroni huweza kuizalisha. Nyutrino kama ile huhitaji protoni au viini vya atomi, yaani mionzi yenyewe iliyotafutwa.

Hata hivyo wataalamu hawakufunga kesi. Walipekua kumbukumbu, wakakuta kwamba mwaka 2014 hadi 2015 nyutrino kumi na tatu hivi zaidi ya kawaida zilitoka upande uleule. Lakini safari hiyo miale ya gama haikuongezeka. Waliyatangaza yote mawili, linalowafaa na linalowasumbua.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mdogo wangu. Zamani fedha zilipotea nyumbani, na jirani akasema amemwona akitoka chumbani kwangu. Nikamhukumu mbele ya watu. Baada ya miezi miwili nilizikuta katika mfuko wa koti langu kuukuu.

Wale waliokuwa wakiihukumu galaksi isiyo na machozi walitafuta shahidi wa pili. Mimi sikutafuta. Ndugu yangu alinisamehe. Lakini hadi leo, akija kwangu, husimama mlangoni na kupiga hodi kama mgeni.