Barua kutoka Baltimore: Uji wa Inzi

Baltimore, katikati ya Mei

Mwalimu,

Nimefika salama, magoti tu ndiyo bado yanailalamikia ile ndege. Huku saa mbili usiku jua ndiyo kwanza linazama, kwa hiyo Magharibi tunaswali saa ambayo Tanga tungekuwa tumeshamaliza Isha na sinia liko mbele yetu. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, nyingi zina ngazi za marumaru nyeupe mlangoni, na jioni watu hukaa pale kama sisi barazani. Dada anakusalimu sana.

Uliniagiza nikupelelezee njia ya kijana wako, anayemaliza masomo ya PCB (fizikia, kemia na biolojia) na kutaka kuja Marekani kusomea udaktari. Nimeuliza. Huku udaktari hausomwi ukitoka sekondari. Kwanza mtu anachukua shahada ya miaka 4, hata ya historia au muziki, mradi ndani yake awe amepita kwenye biolojia, kemia na fizikia zinazotakiwa. Kisha anafanya mtihani uitwao MCAT, ambao alama zake zinaanzia 472 na kuishia 528 (usiniulize kwa nini hawakuanzia sifuri kama watu wengine). Ndipo anaomba, na akipata anasoma miaka 4 mingine, halafu miaka 3 au zaidi ya mafunzo hospitalini. Mtindo huu wa kudai shahada kwanza uliwekewa mizizi papa hapa Baltimore: chuo cha udaktari cha Johns Hopkins kilipofunguliwa mwaka 1893 kilitaka kila anayeingia awe na shahada tayari, na kilipokea wanawake pia, jambo lililowashangaza wengi zama hizo.

Tena vyuo vingi vya udaktari havimpokei asiye raia au mkazi wa kudumu, na baadhi ya vinavyompokea vinataka vione kwanza fedha za miaka yote 4. Kwa hiyo jibu langu ni fupi. Kwetu Muhimbili udaktari ni miaka 5 na mmoja wa mafunzo kazini. Mpeleke Muhimbili.

Lakini si hilo lililonikalisha mezani na kalamu usiku huu. Ni mpwa wangu, yule binti aliyekuja likizo akiwa na miaka sita akamkimbia mbuzi wako hadi barabarani. Sasa amemaliza mwaka wa tatu wa shahada na anajaza fomu ya kuomba udaktari. Fomu yenyewe inaitwa AMCAS. Unaijaza mara moja, inakwenda vyuo vyote unavyovichagua. Imefunguliwa mwanzoni mwa mwezi huu, na kuituma kunaanza mwezi ukielekea kwisha. Ndani yake kuna sehemu ya kazi na shughuli: nafasi 15, kila moja ina herufi 700 za maelezo, na katika hizo 15 unachagua 3 zilizokugusa zaidi, unaongezewa herufi 1,325 kwa kila moja. Na wakisema herufi wanahesabu hata nukta na nafasi kati ya maneno. Unaandika saa ulizotumia, na jina la mtu anayeweza kuulizwa kama ni kweli.

Nafasi iliyomtoa jasho ni ya utafiti. Si sharti la kila chuo, lakini vile vyuo vinavyojivunia maabara zao huitazama kwa jicho kali, na vijana wanajua. Yeye amekaa miaka 2 katika maabara ya inzi. Naam, inzi wa matunda, wale wadogo wanaovamia ndizi iliyoiva kupita kiasi. Wanachunguza usingizi wao. Nilicheka sana mwanzoni. Kumbe inzi hulala kweli: wanamweka mmoja mmoja ndani ya kijibomba cha kioo, bomba 32 kwenye kifaa kimoja, na mwali usioonekana unapita katikati. Kila inzi akiukata, mashine inahesabu. Akikaa dakika 5 bila kusogea, anahesabiwa amelala.

Usiku wa kwanza akanisomea alichoandika. Maabara ilichunguza jeni zinazotawala usingizi. Ilibainika hivi, ilionekana vile. Mistari sita. Nikamwambia, huyu inzi nimemwelewa, lakini wewe uko wapi? Akanyamaza. Usiku wa pili akaja na nyingine: nilibuni na kuongoza utafiti wa jeni za usingizi. Nikamuuliza, uliongoza nani?

“Mjomba, kila mtu anaandika hivyo.”

“Basi jiandae kuulizwa kama kila mtu. Siku ya usaili utakuta mbele yako bwana mmoja aliyefuga inzi miaka thelathini.”

Unajua nimekuwa fundi maabara wa shule muda mrefu kuliko umri wa dada yake mkubwa. Nimeona madaftari ya kidato cha sita ambayo matokeo ya taitresheni yameandikwa kabla bureti haijajazwa. Kwa hiyo kupika matokeo nakujua harufu yake. Lakini kwa mtoto huyu niliona ugonjwa mwingine ambao sikuwa nimeufikiria. Mama yake amemlea kwa adabu zetu, kwamba kusema “mimi, mimi” kila sentensi ni majivuno. Akiandika akili yake inarudi kwenye “tulipima”, “tuliona”. Ile “tu-” yetu ni chumba kikubwa. Mtu akiingia humo hakuna atakayemtafuta. Na akilazimishwa kutoka, anatoka akiwa amevaa joho la mkuu wa maabara. Hapo katikati, pale alipokuwa amesimama kweli, hapaoni kama mahali pa kuandikwa.

Nikamwambia alete daftari lake la maabara, tuandike mikono yake ilifanya nini, tarehe kwa tarehe. Mwalimu, ningetamani ungekuwapo. Kazi yake ya miezi minne ya kwanza ilikuwa kupika uji. Uji hasa: unga wa mahindi, chachu, molasi, na agari ya kuugandisha, anaumimina kwenye vichupa, ndio chakula cha inzi. Baadaye akafundishwa kuwalewesha kwa kabonidioksaidi na kuwatenganisha kwa brashi ndogo chini ya hadubini, madume huku, majike kule. Na majike bikira lazima wakamatwe mapema, ndani ya saa 8 hivi tangu watoke kwenye ganda lao, la sivyo uzao unachanganyika na wiki kadhaa za kazi zinapotea. Ndiyo maana alikuwa akiamka alfajiri Jumapili, na mama yake akidhani ni mchumba. Mwaka wa pili akaachiwa kupakia vile vijibomba na kuchora grafu. Alikuwa amekadiria saa 1,000. Daftari likatoa 812. Akaandika 812.

Akaona aibu ya uji. “Nitaandikaje kwamba nilikuwa mpishi wa inzi?” Ndipo nikamsimulia habari za Thomas Hunt Morgan pale Chuo Kikuu cha Columbia, zile nilizokuwa nikiwapa wanafunzi mvua ikiwazuia kutoka. Mwaka 1910 Morgan alimpata inzi mwenye macho meupe badala ya mekundu, na kutoka kwa huyo akafungua mlango wa elimu ya urithi. Chumba chake kilijaa chupa za maziwa zenye inzi na kunuka ndizi. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza, Calvin Bridges, aliingia mle kwa kazi ya kuosha chupa. Siku moja akaona kwa macho matupu, kupitia kioo kinene cha chupa, inzi ambaye rangi ya macho yake ilitofautiana kidogo na ya wenzake. Wakamtoa kwenye karo. Mwenzake Alfred Sturtevant, naye bado wa shahada ya kwanza, usiku mmoja wa 1911 aliacha kazi za darasani akaenda nyumbani na takwimu za Morgan, na asubuhi alikuwa na ramani ya kwanza ya jeni duniani; ilichapishwa 1913. Morgan alipopata Nobeli mwaka 1933 aliwagawia hao wawili fedha kwa ajili ya masomo ya watoto wao. Huyo ndiye bosi ninayemtaka mimi.

Mpwa akasikiliza, kisha akauliza swali la mtoto wa Marekani: “Bridges aliandika saa ngapi za kuosha?”

Kuhusu makala hatukubishana sana. Kaka yake alimshauri aweke makala ya maabara ambayo jina lake ni la nne kati ya waandishi, na ambayo imetumwa jaridani wiki tatu zilizopita. Iliyotumwa haijachapishwa, wala haijakubaliwa, kwa hiyo haiwezi kukaa kwenye nafasi ya machapisho. Bango alilosimama nalo siku ya tafiti za wanafunzi chuoni kwao lipo, watu wameliona, hilo analo. Wengine wanalipa bango nafasi yake peke yake ili zile 15 zijae. Mimi naona fomu yenye nafasi 11 za kweli haina njaa yoyote, lakini mimi si msomaji wa fomu.

Ugomvi wa kweli uliletwa na saa ya ukutani. Huku Jumapili ya pili ya Machi karibu nchi nzima inasogeza saa mbele saa moja. Mwaka jana, siku hiyo, binti aliingia maabara akaona saa ya kabati la inzi “imechelewa”, naye kwa moyo safi akairekebisha. Kabati lile linawasha taa saa 12 na kuzima saa 12. Inzi hawana serikali. Taa ikawawakia saa moja kabla ya mazoea yao, usingizi ukavurugika, na takwimu za kundi zima zikawa takataka. Aligundua siku ya pili, hakuna mwingine aliyejua. Akaenda kumwambia mkuu wa maabara. Wakatupa kila kitu, wakaanza tena tangu kuzalisha.

Hilo ndilo alilotaka kuliweka katika zile herufi 1,325. Mama yake akaacha kukatakata sukuma wiki. “Nani anaomba nafasi huku anajisema alichoharibu?” Nami, Mwalimu, kwa ukweli wangu wote, sikujua niunge mkono upande gani. Nilimuuliza tu kwa nini hilo na si grafu zake nzuri. Akasema grafu angeweza kuchora yeyote, lakini siku ile ndiyo aliyoijua kazi ile kuwa yake. Limebaki ndani.

Jana usiku aligombana na idadi ya herufi. Kwenye nafasi ya mtu wa kuulizwa amemweka mkuu wa maabara, ndivyo inavyopaswa. Lakini aliyemfundisha kushika brashi ni mama mmoja mzee, fundi wa maabara ile, ambaye fomu haina kisanduku chake. Akamtaja kwenye maelezo, zikazidi herufi 38. Akafuta jina refu la Kilatini la inzi, zikazidi 15. Akafuta “kwa ufanisi mkubwa”, neno nililokuwa nalichukia tangu mwanzo, ikaingia na nafasi ikabaki.

Asubuhi dada alinipikia uji wa mahindi na kuniwekea asali juu. Niliutazama muda. Binti akaniambia nile tu, wa inzi una chachu.

Mbuzi wako anamsalimu? Ndivyo alivyouliza.

Ni mimi, fundi wako wa maabara.