Nyumba Inayovutwa na Gari: Raha na Sitara Katika Kambi za Dhofar

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye katika Suratun Nahl, aya ya 80, ametukumbusha neema mbili kwa pamoja: majumba tunayopata ndani yake utulivu, na mahema ya ngozi yaliyo mepesi kwa msafiri siku ya kuondoka na siku ya kutua. Tazameni, wasomaji wetu, vipi wepesi umetajwa kuwa ni neema. Wiki hii tunapenda kuizungumzia nyumba ya safari ya zama zetu, yaani karavani, na yale yanayoifanya iwe raha kwa aila nzima.

Karavani, kwa asiyeijua, ni trela lililojengwa ndani kama chumba: lina vitanda, jiko dogo la gesi, friji, tangi la maji, na mara nyingi choo chembamba kama kabati. Hukokotwa na gari hadi kambini, kisha huachwa hapo limesimama. Kwetu pwani ni nadra kuonekana. Lakini jamaa zetu wa Omani wamezizoea, na tulipata fursa ya kufuatana nao kutoka Maskati hadi Salalah, katika jimbo la Dhofar, wakati wa msimu wa kharifu.

Kharifu huanza mwishoni mwa Juni na kumalizika mwishoni mwa Septemba. Sababu yake ni upepo tuujuao vyema, nao ni kusi. Kusi hiyo hiyo inayochafua bahari yetu huvuka bahari, ikaigonga milima ya Qara, ikaifunika kwa ukungu na manyunyu. Wakati Maskati joto limepita nyuzi 40, Salalah huwa katika nyuzi 20 na kitu, na milima iliyokuwa kame huwa kijani kibichi. Njia ya bahari baina yetu na huko ni kongwe: Ibn Battuta alizuru Mombasa na Kilwa mnamo 1331, na kutoka Kilwa akapanda chombo hadi Dhofar. Leo watu wa Maskati huenda kwa gari, takriban kilomita 1,000, wakipitia Adam, Haima na Thumrait, wakapiga kambi katika uwanda wa Ittin au karibu na Wadi Darbat na chemchemi ya Ain Razat. Ni vyema kwanza kuuliza manispaa ni wapi kambi zinaruhusiwa.

Jambo la kwanza ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100 likijaa ni sawa na magunia mawili ya mchele ya kilo 50. Vitu vizito huwekwa chini, karibu na magurudumu, wala havirundikwi nyuma, kwani trela lililolemewa nyuma huyumba na laweza kulitoa gari barabarani. Kanuni ya mafundi ni kuwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela iangukie pale linapofungwa kwenye gari. Mteremko wa kutoka Thumrait kuingia Salalah hujaa ukungu wakati wa kharifu, na hapo ndipo upangaji wa mizigo hujulikana. Likishasimamishwa, trela hutiwa kabari za magurudumu, na sakafu husawazishwa kwa pimamaji, ili mtu asilale kichwa kikiwa chini kuliko miguu.

La pili, na ndilo kubwa, ni maji. Tuchukue aila ya watu sita. Mtu akitawadha kwa lita moja kila Sala, hizo ni lita 30 kwa siku. Kunywa na kupika, lita 30 nyingine. Kustanji nusu lita, mara tano kwa kila mtu, ni lita 15. Jumla ni lita 75, na hakuna aliyeoga wala chombo kilichooshwa. Tangi la lita 100 halimalizi siku ya pili. Kwa hiyo huchukuliwa mitungi ya ziada, na la muhimu zaidi, kopo la kutawadhia badala ya kuuachia mfereji ukimwagika. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja, na akakoga kwa kiasi cha pishi moja. Msafiri anayejumuisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, aweza kutosheka na udhu tatu. Lakini akumbuke kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye nia ya kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huswali kama mkaazi. Na chakula kikipakuliwa katika sinia moja, wakala wote pamoja, ipo baraka, na chombo cha kuosha ni kimoja badala ya sita.

Choo kinataka maelezo yake. Karavani nyingi zimetengenezwa kwa watu wanaotumia karatasi. Kasha la uchafu linalochomolewa huchukua takriban lita 20, nasi tumeona kuwa maji ya kustanji peke yake ni lita 15 kwa siku. Basi kwa Waislamu kasha hilo hujaa kwa siku moja, hali kitabu cha maelezo kimeandika siku kadhaa. Jawabu ni kuwa na kasha la pili, au kupiga kambi karibu na vyoo vya umma, na choo cha ndani kikaachiwa wanawake, watoto na wazee wakati wa usiku. Uchafu humwagwa palipotengwa tu. Mtume alitukataza kujisaidia penye maji, njiani na kivulini, akaonya kuwa mambo hayo huleta laana. Wala chemchemi za Dhofar hazitoki katika hukumu hiyo.

La tatu ni sitara. Turubai la kivuli linalokunjuliwa ubavuni mwa karavani liwe na kuta zake za kitambaa, ili akina mama wapate kukaa nje kwa starehe. Mlango uelekezwe mbali na kambi ya jirani. Mapazia yawe mazito, kwa sababu taa ikiwashwa ndani usiku, pazia jepesi huonyesha umbo la mtu kwa walio nje. Kwa unyevu wa kharifu nguo hazikauki, hivyo zichukuliwe leso nyingi kuliko taulo: leso hukauka haraka, hufunika, hutandikwa na hubebea mtoto. Jamvi liwe nje ya mlango na ndara zivuliwe hapo, la sivyo tope huingia hadi vitandani. Taa za kuvaa kichwani, chandarua, na blanketi moja zaidi ya idadi ya watu havina uzito mkubwa.

La nne ni moto na hewa. Dhofar ndiyo nchi ya ubani, na baridi ya usiku humshawishi mtu kuingiza seredani au chetezo ndani, akafunga madirisha. Tunawasihi sana, msifanye hivyo. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kidogo hivyo huweza kuua waliolala. Ubani ufukizwe nje. Jenereta liwekwe mbali na madirisha, na kengele ya kutambua hewa hiyo ifungwe karibu na vitanda. Mtume aliamrisha moto uzimwe kabla ya kulala, na amri hiyo inafaa katika karavani kama ifaavyo majumbani.

Vilevile alitufundisha kutokulala usiku juu ya njia, kwani ndimo wanyama wapitamo. Na katika milima ya Dhofar ngamia hutembea watakavyo. Katika mkondo wa bonde pia hapapigwi kambi, kwa kuhofia mafuriko. Na dua ya kutua mahali, iliyo katika Sahihi Muslim, tumeipokea kwa mwanamke, Bi Khawla binti Hakim, Mungu amuwie radhi. Mama akiwasomesha wanawe hapo mlangoni, anafuata nyayo zake.

Lakini vifaa vyote hivi havitoshi ikiwa mtu mmoja ndiye anayevitumikia. Tuliona kambi yenye viti vitano vya kukunja, na vyote vimekaliwa na wanaume. Mama alikuwa ameketi juu ya kasha la barafu, na kila aliyetaka kinywaji akamwinua. Bwana huyo alinunua karavani ili aila ipumzike. Mkewe amehamishiwa jiko lake jangwani, dogo zaidi na lenye maji haba. Bi Aisha, Mungu amuwie radhi, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Basi kazi zigawanywe kabla gari halijaondoka: vijana wajaze maji, baba amwage kasha la choo na awashe moto wa kuchoma nyama, mabinti na ndugu zao wa kiume waoshe sinia kwa zamu. Viti viwe kwa idadi ya watu, kimoja kikiwa cha mama, na baada ya Alasiri asiitwe kwa kazi.

Hata wasio na safari ya Omani, bali wanaokwenda Maulidini Lamu au kulala ufuoni na watoto siku za likizo, na waulizane maswali hayo hayo: maji yatatosha udhu ngapi, wanawake watajisitiri wapi, na nani atapumzika.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awasahilishie wasafiri safari zao, awahifadhi waliobaki, na azijaalie aila zetu mapenzi na huruma zikiwa mjini na zikiwa njiani. Amin.