Umaskini Nao Una Mizani?

Msomaji mpendwa, hasa wewe unayeishi na mzee au mlemavu, hebu tuulizane: mtu akipata riziki kidogo, ndiyo kusema hahitaji kusaidiwa?

Nauliza kwa sababu ya shangazi yangu wa Mtongwe, huku Likoni. Ana miaka 64. Asubuhi huuza mahamri, jioni viazi vya karai. Katikati yake humwogesha, humlisha na kumgeuza kitandani mwanawe, mwanamume mzima sasa, asiyeweza hata kukaa mwenyewe.

Katiba ya 2010 humhesabu mtu kuwa mzee akishapita miaka 60. Lakini mwaka 2018, serikali ilipoacha kuwapima umaskini wazee wasio na pensheni katika malipo ya Inua Jamii, ilianzia miaka 70. Shangazi bado miaka sita.

Kwa walemavu kipimo kilibaki: ulemavu uwe mkubwa, na jamaa zake wawe maskini. Hapo ndipo karai la viazi linapotiwa kwenye mizani. Pesa zinazoingia huonekana. Zinazotoka je? Kuna nepi za mtu mzima, sabuni, dawa. Kuvuka feri kwa miguu ni bure, lakini asiyetembea huifikia feri kwa tuktuk ya kukodi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

“Mwanangu,” shangazi huniambia, “nikiacha kuuza tutalala njaa, nikiuza naambiwa najiweza.”

Si kwamba serikali haijui ulemavu una gharama. Agizo la mwaka 2010 lilimsamehe mlemavu aliyesajiliwa kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza kila mwezi. Jambo jema hilo. Basi ikiwa mwenye mshahara alifikiriwa hivyo, mbona mwenye karai ahesabiwe hadi sarafu ya mwisho kwa ajili ya Sh2,000 kwa mwezi?

Maoni yangu ni haya: kikomo cha mapato kipandishwe, na kabla ya kuhesabu alichopata mtu, kwanza kiondolewe anachotumia kwa sababu ya ulemavu.

Nawe msomaji, chifu akiita baraza kuhusu majina ya kuandikishwa, usibaki nyumbani kwa kuona haya. Nenda, utaje nepi, utaje dawa, utaje nauli. Wasipoambiwa watajuaje?