Kioo cha Motokaa ya Baba

Kioo kikiwa kizima hakionwi, kwa kuwa kazi yake ni kuonesha vitu vingine. Kikivunjika ndipo kinapotazamwa. Motokaa aliyoiacha marehemu baba, Volkswagen ya mwaka 1962, yenye mgongo kama wa kobe, ilikuwa imekwisha kuwachosha ndugu zangu. Basi jiwe lililorushwa na gurudumu la lori karibu na Chalinze lilipokipiga kioo cha mbele, kikageuka cheupe kama ukungu, kisha kikanimwagikia mapajani kwa chembe mfano wa chumvi ya mawe, waliona wamepata hoja. Shauri likakatwa kwamba Idi ikifika motokaa haina kioo, itauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mama hakusema neno barazani. Usiku aliniita akaniambia, "Mwanangu, baba yako alinifunza kuendesha katika motokaa hiyo, alfajiri, watu wasituone." Katika umri wangu wote sikuwa nimepata kusikia habari hiyo.

Asiyeyajua mambo haya hudhani Volkswagen zote ni moja. Sivyo. Dirisha la nyuma lilikuwa vipande viwili hadi mwaka 1953, likawa moja mfano wa yai, kisha likapanuliwa na kuwa la pembe nne katika magari ya mwaka 1958. Kioo cha mbele kilikuwa bapa kabisa mpaka Agosti 1964, yalipoanza kuundwa magari ya 1965; hapo kikaongezwa kimo na kupindwa kidogo. Mfanyabiashara mmoja wa Nairobi, aliyeniapia kwamba vioo hivi havina tofauti, aliniletea cha aina ya pili. Tulipokipima kilizidi kwa upana wa kidole na ziada. Nilipompigia simu alinishauri, kwa upole mkubwa, nikikate.

Lau alijua alisemalo! Kioo kile kilikuwa kimekazwa kwa moto: hupashwa joto lipitalo digrii 600, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafula. Uso hutangulia kuganda, na kiini kikipoa baadaye huuvuta uso kwa ndani. Mvutano huo ndio nguvu yake, na ndio umvunjao chembechembe akiguswa na almasi ya mkata vioo. Hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kukazwa.

Fundi wa kwanza niliyemwendea Gerezani alitaka kunitilia kioo cha dirisha la nyumba, kwa bei ndogo. Nilikataa, maana hicho kikivunjika hutoa visu, na mbele ya visu hivyo angeketi mama yangu.

Wa pili, mzee mwenye maneno machache, alinizindua. Kwa kuwa kioo cha 1962 ni bapa, chaweza kukatwa katika ubao wa kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando katikati, aina aliyoipatia hataza Mfaransa Édouard Bénédictus mwaka 1909. Kikipasuka, vipande hubaki vimeshikwa na utando. Mzee alichora kigezo kwenye karatasi ngumu, akakijaribisha mara mbili katika fremu. Alikwaruza kioo upande mmoja na wa pili, akakivunja kwa kukigonga taratibu; kisha akamimina spiriti katika ufa na kuiwasha, utando ukalainika, akaupitisha wembe. Kingo alizisugua kwa jiwe lenye maji muda mrefu kuliko nilivyotazamia.

Siku tatu kabla ya Idi tulikitia. Mpira ulivishwa kiooni, kamba ikalazwa katika mfuo wake, maji ya sabuni yakapakwa. Mzee alisukuma kwa viganja kutoka nje, nami ndani nikaivuta kamba polepole, na mdomo wa mpira ukaruka ukingo wa bati shubiri baada ya shubiri.

Ndugu zangu walikuja kutazama, wakanyamaza. Mama alitoka amevaa viatu vya ngozi badala ya kandambili, akaketi penye usukani, akaniagiza nikafungue lango.